Mashine ya boti: uibebe nyumbani au uiache tezi, yaani nyuma ya boti?

Mashine ya nguvu za farasi 15 haikosi kilo 35. Ya 40 inapita 70. Hiyo ndogo, boti ikishapwewa pale Mkokotoni, bora ibebwe, watu wawili, kichwa (penye injini) kikae juu kuliko mguu (upande wa panga), maana maji yaliyobaki ndani yakirudi kwenye silinda ni balaa. Nyumbani iwashe mguu ukiwa ndani ya pipa la maji baridi, yasiyo ya chumvi, chumvi itoke, kisha isimamishe kwenye gogo.

Kuiacha tezi ni raha ya mgongo tu: unaiinua, unapiga mnyororo na kufuli (litakaloshika kutu kabla ya mashine), na mlinzi anataka chake. Ya 40 lakini, mimi siibebi.