Fremu nyepesi ya chuma kwa mizunguko ya Malindi: ipi ununue, ipi uiache

Kwa mkazi wa Malindi anayetaka baiskeli nyepesi ya kwendea kazini bila kumaliza akiba, fremu inayofaa zaidi ni ya mtumba: ile ya baiskeli za mlimani, zinazojulikana kama mauntini, isiyo na springi, ya kromoli, iliyotengenezwa kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990, ya magurudumu ya inchi 26. Tumeipima dhidi ya aina nyingine tatu za fremu za chuma na imezishinda zote. Lakini sharti lipo, nalo halina msamaha: ndani ya mabomba pawe pazima, kutu isiwe imeshaanza kula.

Utasikia sokoni kwamba kromoli ni "chuma chepesi". Sivyo. Kromoli na chuma cha kawaida vina uzito ule ule, karibu gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo. Kromoli ni chuma kilichotiwa kromiamu na molibdeni kidogo, na faida yake ni nguvu: huvumilia mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda isirudi. Kwa hiyo kiwanda huweza kutumia bomba jembamba, kwa mfano unene wa milimita 0.9 kwenye ncha zinakounganishwa na 0.6 katikati, mahali ambapo chuma cha kawaida kingehitaji milimita 1.2 au zaidi. Fremu ya kromoli huangukia kilo 2 hadi 2.5. Ya chuma cha kawaida, saizi ile ile, hufika kilo 3 na zaidi.

Wembamba huo huo ndio hatari yake hapa pwani. Kutu ikila nusu milimita kwenye fremu nzito, imechubua. Ikila nusu milimita kwenye fremu ya kromoli, imekaribia kutoboa. Ndiyo maana ukaguzi tunaoueleza hapa chini una uzito kuliko stika yoyote ya aina ya chuma iliyobandikwa kwenye fremu.

Tuanze na zilizoshindwa. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kubebea mizigo, hatuna ugomvi nayo kama chombo cha mzigo. Tairi zake za 28 x 1½ hazina shida kupatikana, kila fundi anaijua, na ukiifunga madumu mawili ya lita 20 nyuma haitikisiki. Ila nzima ina zaidi ya kilo 20, na breki zake za vyuma vinavyobana rimu ya kromu hupoteza nguvu kabisa mvua ikinyesha. Kwa mtu anayepishana na tuktuk na bodaboda asubuhi za masika, hiyo ni hatari. Anayeuza maji au mikate aichukue. Wa kwenda ofisini aiache.

Baiskeli mpya za bei ya chini zenye springi mbele na nyuma tunazikataa moja kwa moja. Fremu ni chuma kizito, foki peke yake yaweza kufika kilo 2.5, na springi zenyewe hazina mpira wa maana wa kuzuia vumbi. Mchanga na hewa ya chumvi vikishaingia, springi inakwama na unabaki na uzito bila faida. Ile ya nyuma huongeza na kiungo kinacholegea, kisha gurudumu zima huanza kucheza.

Baiskeli za zamani za barabarani, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ndizo nyepesi kuliko zote. Ukikuta stika ya Reynolds 531 umepata bomba zuri la Kiingereza, aina iliyoingia sokoni mwaka 1935. Soma stika yote, kwa sababu nyingine husema wazi kwamba ni mabomba matatu makuu tu yaliyo ya 531, na foki na vibomba vya nyuma ni chuma kingine. Hata hivyo, fremu hizi haziruhusu tairi nene, zinazama kwenye mchanga, na nyingi za zamani zilitumia tairi za 27 x 1¼. Tairi hizo si sawa na 700C, saizi ya kawaida ya baiskeli za barabarani za baadaye: rimu zinatofautiana kipenyo kwa milimita 8, na tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Kama nyumba na kazi yako vyote viko kando ya lami ya barabara ya Lamu, sawa. Vinginevyo utahangaika.

Sasa mauntini ya kromoli. Mifano inayojulikana ni Specialized Rockhopper na Kona Lava Dome za mwanzo wa miaka ya 1990, lakini usitafute jina, tafuta umbo na chuma. Foki iwe ya chuma, isiyo na springi. Nafasi kati ya vibomba vya nyuma iruhusu tairi ya inchi 1.95 na madigadi juu yake. Pawe na vitundu vya skrubu za milimita 5 karibu na ekseli ya nyuma vya kufungia karia. Urefu kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi ekseli ya nyuma uwe sentimita 42 hadi 44. Ukiwa mfupi kama wa baiskeli za mashindano, kisigino kitagonga mkoba uliofungwa kwenye karia kila unapozungusha. Nafasi ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ni milimita 130 au 135, na chuma kina uungwana wake: fundi anayejua anaweza kuipanua kidogo kwa mikono ili habu iingie. Alumini usiijaribu hivyo.

Tairi na tyubu za inchi 26 ndizo rahisi kupata kuliko za 700C, na jambo hilo peke yake linatosha kuamua. Baiskeli nyepesi iliyoegeshwa wiki mbili ikisubiri tyubu kutoka Mombasa haijakusaidia kitu.

Wanaovaa buibui au kanzu watafute fremu ya kike, na hapa kuna tofauti ya kuangalia. Ile yenye bomba moja tu lililoshuka chini hulegea ukiweka mzigo nyuma, usukani unatikisika. Iliyo bora ina vibomba viwili vyembamba vinavyotoka kwenye shingo ya usukani vikapita kando ya bomba la kiti hadi kwenye ekseli ya nyuma. Ni imara zaidi, na nafasi ya kupandia bado ipo. Weka na kifuniko cha mnyororo, na wavu kwenye madigadi ya nyuma ili nguo isiingie kwenye spoku.

Ukifika kwa muuzaji, beba sumaku ndogo, uzi wa mita tatu, futi ya kupimia, spana ya kufungulia kiti na simu yenye tochi. Sumaku kwanza: isiponata, hiyo ni alumini. Kisha mwombe muuzaji afungue nguzo ya kiti, aitoe kabisa. Ikigoma kutoka, usilipe. Nguzo ya alumini ndani ya bomba la chuma, ikipata maji ya chumvi, hushikana kana kwamba imechomelewa, na kuitoa kwaweza kugharimu fremu yenyewe. Ikitoka, soma namba iliyopigwa karibu na mwisho wake, ambayo ni kipenyo chake kwa milimita. 27.2 au 26.8 huashiria bomba lenye ukuta mwembamba, na hiyo ni dalili njema ya kromoli. Namba ya 25.4 kwenye bomba la kawaida la nje la milimita 28.6 maana yake ukuta ni mnene na chuma ni cha kawaida, hata stika iseme nini. Stika zinabandikwa upya, tundu la nguzo halidanganyi.

Tundu likiwa wazi, mulika ndani. Vumbi jekundu jepesi linalofutika kwa kitambaa si kitu. Magamba yanayobanduka, au maji yaliyotuama chini kwenye kibomba cha ekseli ya pedeli, ni sababu ya kuondoka. Geuza fremu juu chini uigongegonge taratibu: mabamba ya kutu yakimwagika kama chai ya majani, mabomba yameshaliwa. Kagua kwa nje pia. Kutu ya pwani huinua rangi kwanza, ikafanya malengelenge. Pasugue kwa kucha, kisha pagonge kwa ncha ya bisibisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa sauti butu na ncha huzama. Sehemu zinazooza mapema ni chini ya kibomba cha ekseli ya pedeli, vibomba vya nyuma upande wa mnyororo, na pale waya wa breki unapogusa bomba la juu, kwa sababu jasho hudondokea hapo.

Ajali huacha alama moja usiyoweza kuifuta: mkunjo mdogo chini ya bomba la juu au la chini, sentimita chache nyuma ya shingo ya usukani. Pitisha kidole polepole. Ukihisi wimbi, au ukaona rangi imepasuka kwa mstari wa kuzunguka bomba, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso. Kisha chukua uzi, uufunge kwenye mdomo mmoja wa ekseli ya nyuma (mpasuko wa fremu unaoshika ekseli), uupitishe mbele ya shingo ya usukani, uurudishe hadi mdomo wa pili, uukaze. Pima kutoka kila upande wa uzi hadi bomba la kiti. Tofauti ikifika milimita 2, inanyoosheka. Ikizidi milimita 5, achana nayo.

Pima pia upana wa kibomba cha ekseli ya pedeli. Mauntini nyingi ni milimita 68 au 73, za nyuzi za skrubu za Kiingereza. Upande wa mnyororo una nyuzi za kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Nyuzi nyingi zimeharibiwa na mafundi waliokaza huku wakidhani wanalegeza, na nyuzi zikifa fremu inakuwa pambo la ukutani. Ukikuta tundu kubwa la zaidi ya milimita 50 lisilo na nyuzi, pamoja na mkono wa pedeli wa kipande kimoja, hiyo ni fremu ya bei ya chini.

Kuhusu bei, fremu tupu na foki yake hatungeitolea zaidi ya shilingi 5,000, hata ikiwa safi. Ni afadhali kununua baiskeli nzima iliyochakaa vifaa lakini fremu nzima, maana beringi za usukani, ekseli, magurudumu na breki vikinunuliwa kimoja kimoja huzidi bei ya baiskeli. Ukifungua beringi badilisha gololi zote, bei yake ni ndogo: habu ya nyuma huchukua 9 za robo inchi kila upande, na ekseli ya pedeli ya vikombe huchukua 11 za saizi hiyo hiyo kila upande.

Gia nyingi hazihitajiki. Malindi ni tambarare, na kila gia ya ziada ni kifaa kingine cha kushika kutu. Meno 42 mbele na 18 nyuma kwa gurudumu la inchi 26 yanatosha, hata kwa anayekwenda Gede wakati wa kusi akiupokea upepo usoni. Fremu yenye midomo mirefu ya ekseli inakaza mnyororo kwa kuvuta gurudumu nyuma. Yenye midomo ya kwenda juu itahitaji kikaza mnyororo.

Kabla ya kufunga kifaa chochote, kinga ndani. Mwambie fundi atoboe tundu la milimita 5 chini ya kibomba cha ekseli ya pedeli, maji yapate pa kutokea. Osha kwa maji baridi ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima cha chumvi yanarudisha ugonjwa ule ule. Anika juani siku mbili. Ziba matundu kwa tepu, mimina mililita 150 za mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, yanayouzwa kwa maseremala, kisha geuza fremu kila upande hadi kila bomba lilowe. Mwaga mafuta yanayobaki, fremu iachwe imening'inia siku tatu hadi nne utando ukauke. Vitambaa ulivyofutia usivirundike: linsidi ikikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa huweza kuwaka lenyewe usiku. Viloweshe kwa maji au vitandaze nje kimoja kimoja. Nguzo ya kiti itiwe grisi na itolewe kila baada ya miezi mitatu.

Na fremu ikipasuka, usikimbilie kwa welda wa mageti. Umeme wa kuchomelea vyuma vinene hutoboa bomba la milimita 0.7 kabla hujasema neno. Tafuta fundi wa gesi achomelee kwa shaba, ambayo huyeyuka kwa joto la chini sana kuliko chuma, na akwangue rangi yote kuzunguka ufa kwanza. Msimamie akimaliza. Fremu ipoe yenyewe kivulini. Akiimwagia maji ili umalize haraka, kromoli inakuwa ngumu na yenye kukatika, na ufa mpya utatokea kando ya ule wa zamani.