Gemu la mtumba lisilo na kijitabu: uzoefu wangu wa kutafuta

Nanunua magemu ya zamani ya Nintendo na PlayStation hapa Marekani, kwenye maduka ya mtumba na minada ya mtandaoni. Karibu yote huja matupu: kaseti bila boksi, CD bila kava, kijitabu cha maelekezo hakipo. Wapo wanaosema kijitabu si kitu, gemu utalijua ukilicheza. Kwa magemu ya sasa nawakubalia. Kampuni ya magemu ya Ubisoft ilitangaza mwaka 2010 kwamba inaachana na vijitabu vya karatasi, na leo maelekezo yamo ndani ya gemu lenyewe. Lakini gemu la miaka ya 1980 na 1990 bila kijitabu chake limepungua. Kaseti zilikuwa na nafasi ndogo sana, kwa hiyo hadithi, majina ya maadui na kazi za vitufe viliandikwa kwenye karatasi.

Chukua StarTropics ya NES, mashine ya zamani ya Nintendo, ya mwaka 1990. Ndani ya boksi mlikuwa na barua. Gemu likifika mahali fulani linakutaka uichovye barua hiyo kwenye maji, na hapo inajitokeza namba ya masafa ya redio, 747. Bila namba hiyo safari haiendelei. Metal Gear Solid ya PlayStation, ya 1998, nayo inakuambia utazame nyuma ya kava la CD upate masafa ya redio ya Meryl, mmoja wa wahusika, 140.15. Sasa wewe umeuziwa CD kwenye bahasha, utatazama wapi?

Mahali ninapoanzia siku zote ni Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Vijitabu vilivyoskaniwa vimejaa kule, unasoma bure papo hapo au unapakua PDF. Ubora unategemea aliyeskani: vingine herufi ndogo zinasomeka vizuri kabisa, vingine vimepinda na ukurasa wa katikati umekatwa. Nintendo nayo, ilipotoa NES Classic Edition mwaka 2016, yaani NES ndogo yenye magemu ya zamani ndani yake, iliweka kwenye tovuti yake nakala za vijitabu vya magemu yaliyokuwamo, na hizo ni safi. Ya The Legend of Zelda niliisoma yote kwa furaha. Mle wameandika kwamba zimwi liitwalo Pols Voice linachukia kelele. Japani maneno hayo yalikuwa na maana, kwa kuwa pedi ya pili ya Famicom, yaani NES ya kule, ilikuwa na maikrofoni na ukipiga kelele zimwi linakufa. Pedi za NES hazikuwa na maikrofoni, ila sentensi ikabaki. Huku dawa yake ni mshale. Mambo kama haya ndiyo yanayonifanya nitafute kijitabu hata cha gemu ninalolijua vizuri.

Kabla ya kupakua, tazama msimbo ulioandikwa kwenye CD. SLUS na SCUS ni za Marekani, SLES na SCES ni za Ulaya. Tafuta kijitabu cha eneo hilohilo, maana kurasa, lugha na hata jina la gemu vinaweza kutofautiana.

Kuhusu kununua, vijitabu halisi vipo, ila kwa magemu yanayopendwa bei ya karatasi peke yake inaweza kuzidi ya gemu. Kuna pia wanaochapa upya na kuuza. Sina ugomvi nao wakisema wazi kwamba ni nakala. Lakini muuzaji mmoja aliniuzia kijitabu akidai ni halisi. Kilipofika, rangi zilikuwa zimefifia na kwenye ukurasa kulikuwa na vivuli vya pini za kijitabu alichokitolea kopi. Nilirudishiwa pesa baada ya kusumbuana sana. Siku hizi naomba picha ya katikati, penye pini, kabla ya kulipa.

Kwa kucheza tu, nakala ya kuchapa mwenyewe inatosha. Vijitabu vya PlayStation 1 vinaingia kwenye kava la CD, kama sentimita 12 kila upande, kwa hiyo karatasi ya A4 inakatwa vizuri. Kwenye printa chagua uchapaji wa kijitabu (booklet), pande mbili, kisha piga pini katikati.

Kinachobaki kuwa kigumu ni vile vilivyokuwa pembeni ya kijitabu: ramani za kukunjua, mabango, barua. Watu wengi huskani kurasa za kijitabu na kuviacha hivi vya pembeni. Mwenye ramani ya gemu lolote la zamani, hata iliyochanika, naomba aiskani yote, pande zote mbili, aipakie.