Sabufa mbili na miniDSP 2x4 HD: uzoefu wangu

Sabufa (spika ya besi) moja, hata ikiwa kubwa namna gani, haigawi besi sawasawa chumbani. Sebule yangu ina urefu wa mita 5. Sauti inasafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi linalosimama (linalorudi-rudi bila kuhama) kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma, ambalo nusu yake ndiyo inayojaa mita hizo 5, linaangukia karibu Hz 34 (mitetemo 34 kwa sekunde). Aliyeegemea ukuta wa nyuma anapata mngurumo, na aliye katikati ya chumba haambulii kitu. Ndiyo maana niliongeza ya pili, ya aina ileile: moja katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma. Mpangilio huo ni miongoni mwa ile ambayo Todd Welti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman aliipima na kuichapisha mwaka 2002, na kwangu ulifanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote.

Kisanduku chenyewe, miniDSP, ni kichakata sauti cha kidijitali: kinapokea waya wa sabufa kutoka kwenye risiva (kifaa kinachoendesha spika), kisha kinagawa hadi njia nne za kutoka. Naweza kurekebisha kila sabufa peke yake, lakini hizi mbili nimeziacha na kiwango kimoja na bila kuzipishanisha muda. Wengi hukimbilia kuichelewesha ile iliyo karibu na kochi. Ukifanya hivyo, sabufa hizo hazilizimi tena vizuri lile wimbi la Hz 34, na hiyo ndiyo sababu ya kuziweka mkabala.

Kazi inayotaka subira ni kuzioanisha na spika kuu. Krosova, yaani mahali spika kuu zinapoziachia sabufa besi, iko Hz 80. Kwa maikrofoni ya vipimo ya UMIK-1 na programu ya kupima sauti ya REW, ambayo ni ya bure, nageuza polariti (chanya na hasi) ya sabufa zote mbili, kisha nabadilisha umbali wa sabufa kwenye risiva kidogokidogo huku nikitazama mchoro. Shimo la pale Hz 80, yaani pale sauti inapopungua, linazidi kuchimbika. Likifika chini kabisa, narudisha polariti ilivyokuwa, na palepale shimo linajaa. Kuanzia hapo ngoma ya teke inatoka mbele, kwenye spika, japo sabufa moja iko mgongoni pangu. Nafurahi kila ninapoisikia!

Vichujio, yaani marekebisho ya kupunguza au kuongeza sauti ya masafa fulani, huja mwisho. Nimepunguza vilele viwili tu. Mashimo yanayoletwa na chumba usiyajaze kwa kuongeza nguvu: amplifaya inachoka, koni inatembea kupita kiasi, na shimo linabaki palepale.

Maikrofoni inanunuliwa kando, na faili lake la kalibresheni unalipakua kwa namba iliyoandikwa kwenye maikrofoni yenyewe, kwa hiyo iwekee bajeti. Anayesikiliza peke yake kwenye kiti kimoja anaweza kutosheka na sabufa moja iliyowekwa mahali pazuri. Kochi likikaliwa na watu watatu, ningenunua ya pili kabla ya kufikiria kubadilisha spika.