Altrasaundi ya ujauzito Kigoma mjini: uzoefu wangu

Mimba hii ya pili nilianza kliniki nikiwa siikumbuki tarehe ya hedhi yangu ya mwisho, ndipo nesi akaniandikia altrasaundi. Nikapanda daladala na wifi yangu kutoka Ujiji hadi mjini, kwenye kituo kimoja cha binafsi.

Foleni ilinichosha. Tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba bila kuambiwa lolote, na wajawazito wenzangu wengine walikuwa hawajala. Hilo warekebishe.

Ila chumbani nilihudumiwa vizuri mno. Dada wa vipimo alinigeuzia kioo nione, akanipaka jeli, maana hewa ikibaki kati ya ngozi na kile kifaa, sauti haipenyi. Mimi nilidhani ni kamera. Kumbe kinatuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, yanamgonga mtoto na kurudi, na kompyuta inapima yamechukua muda gani. Mwilini sauti huenda kama mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kilicho ndani sentimita 10 mwangwi wake unarudi baada ya sekunde 0.00013. Kompyuta inaikusanya miangwi hiyo na kuipanga kuwa picha inayotembea. Nilimwona mwanangu akipeleka mkono mdomoni!

Kisha dada akaigandisha picha, akaweka alama mbili za msalaba, moja kila upande wa kichwa. Kompyuta ikatoa milimita 48, wiki 20 na ushei. Hakuridhika. Akasema hapo kichwa kimeonekana mshazari, akafuta, akanilaza ubavu, tukasubiri mtoto ageuke. Safari hii ikaja milimita 54, wiki 22 na ushei. Akapima na mfupa wa paja, nao ukasema wiki 22. Mashine haikukosea hesabu hata mara moja. Inahesabu pale ilipoonyeshwa tu. Angekuwa mtu wa haraka, tarehe yangu ingesogea karibu wiki mbili.

Shirika la Afya Duniani linashauri altrasaundi moja kabla ya wiki 24, na ukiwahi zaidi ya hapo umri wa mimba unakadiriwa kwa karibu zaidi. Dada zangu, ombeni karatasi yenye vipimo vyenyewe, msikubali kuambiwa "mtoto mzima" halafu basi. Yangu niliibana kwenye kadi. Nesi wa Ujiji alivisoma vipimo kimoja kimoja, ndipo akaijaza ile nafasi ya tarehe ya kujifungua iliyokuwa wazi tangu siku ya kwanza.