Kuvuta maji Mikindani: nyota tatu na nusu

Haya mlioniuliza inboksi kuhusu kuvuta maji ya bomba mpaka nyumbani, huduma yenyewe iko poa, mafundi walikuja wakapima wakachimba mtaro na kufukia vizuri, hawakuacha shimo la kuvunja watu miguu. Sasa kasheshe ni gharama. Fomu si kitu, kinachouma ni umbali, ukiwa mbali na bomba kubwa unanunua mabomba na viungio mpaka unaisoma namba, halafu jirani akija baadae anaunga hapohapo ulipofikisha wewe kwa hela kiduchu!! Hapo nimekata nyota moja na nusu, sio haki kabisa.

Ila msiseme mteja anabebeshwa kila kitu, kwenye kila lita ya petroli na dizeli kuna shilingi 50 ya Mfuko wa Taifa wa Maji, yaani hata bodaboda wa stendi anachangia miradi bila kujua. Na bei ya uniti inapitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, msoma mita hajipangii. Uniti 1 ni lita 1,000, madumu 50 ya lita 20 hayo, piga hesabu ulinganishe na bei ya maji ya mkokoteni uone. Hela usimpe fundi mkononi, dai namba ya malipo.