Betri ya pili kwa HiAce kuukuu ya safari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu akishanunua HiAce ya zamani, akang'oa viti vya abiria na kuweka kitanda, swali linalofuata huwa la umeme. Friji itakula nini gari likiwa limezimwa? Feni itazungukaje usiku kucha kule Pangani, na simu zitachajiwa wapi? Jibu ni betri ya pili, ile isiyohusika kabisa na kuwasha injini. Hapo ndipo watu wengi wanapoteza pesa, kwa sababu duka la sola litakuuzia kilichopo ghalani mwake na duka la spea litafanya vilevile. Gari lako lina umri gani na waya zake zikoje, hakuna anayeuliza.

Msimamo wangu ni mmoja. Kwenye gari kuukuu, betri huchaguliwa kwa kuangalia kitakachoichaji. Alteneta (ile inayozalisha umeme injini ikiwaka) iliyochoka na waya zilizoliwa na kutu zinaua betri ya bei ghali haraka kama zinavyoua ya bei rahisi. Kwa hiyo kabla ya kupanga ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, tujue gari linatumia kiasi gani na linaweza kurudisha kiasi gani.

Hesabu ya usiku mmoja

Friji ndogo ya kompresa ya volti 12, ya lita 40 hivi, kwenye joto la pwani hula Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme unaotoka kwenye betri) 30 hadi 45 kwa saa 24. Feni ya wati 20 ikizunguka saa 8 inachukua Ah 13. Kompyuta mpakato ni Ah 5 kwa chaji moja. Taa za LED na simu mbili, weka nyingine 5. Ukijumlisha unakaribia 60 kwa siku nzima, na hiyo ni bila inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya kupigia pasi au kuchemshia maji, mambo ambayo nakushauri uyasahau. Chai ipikwe kwa gesi.

Sasa kumbuka kwamba betri ya risasi na asidi, ya aina yoyote, haipendi kushushwa chini ya nusu. Ile ya 100Ah inakupa 50 za kutumia bila kuiumiza. Ya lithiamu ya 100Ah inakupa 80 hadi 90. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuza bei zote za dukani juu chini, kwa sababu betri mbili za risasi zinaweza kufanya kazi ya moja ya lithiamu huku zikikuongezea kilo 60 kwenye springi za nyuma ambazo tayari zimelala.

Pima gari kwanza

Chukua multimita. Washa injini, washa taa kubwa na feni ya hewa, kisha pima kwenye vichwa vya betri ya kuwashia. Ukipata kati ya volti 13.8 na 14.4, alteneta iko sawa. Ukipata 13.2 na taa zinafifia, peleka alteneta kwa fundi abadilishe brashi na regyuleta (kidhibiti cha volti) kabla hujafikiria betri ya pili. Ukipata zaidi ya 14.8, regyuleta imeachia, na betri yoyote kavu (ile isiyoongezwa maji) utakayofunga itapikwa.

Kisha waya. Kutoka mbele hadi chini ya kitanda ni kama mita 5, na umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10. Ukipitisha ampea 30 kwenye waya wa milimita za mraba 4, unapoteza zaidi ya volti 1 njiani. Zile 14.2 za alteneta zinafika nyuma zikiwa chini ya 13, na betri haitajaa hata uendeshe kutoka Dar mpaka Tunduma. Waya wa 16 unapoteza kama theluthi moja ya volti. Nunua wa 16, tena wa nyuzi nyingi nyembamba, maana ule wa majumbani wenye nyuzi nene chache hukatika kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi.

Fyuzi ziwe mbili, moja kila mwisho wa waya huo, karibu kabisa na kila betri. Kila upande una betri inayoweza kumwaga mamia ya ampea waya ukigusa bodi. Kwenye magari mengi yaliyobadilishwa mtaani nimekuta fyuzi moja tu, mara nyingine hakuna kabisa, na waya umepita kwenye tundu la bati bila mpira. Hilo ni moto unaosubiri siku yake, na wewe unalala juu yake. Kwa hili sina mzaha.

Jambo jingine kuhusu HiAce za kizazi cha H100, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1989 na zinazobadilishwa sana kuwa gari la kulala: injini iko chini ya viti vya mbele. Usiiweke betri ya pili jirani na hapo. Kanuni inayojulikana ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa nusu. Iweke chini ya kitanda karibu na ekseli ya nyuma, ifungwe kwa mkanda wa chuma uliopigwa bolti kwenye sakafu. Na kama gari lako ni Coaster, hakikisha kwanza umeme wake, kwa sababu nyingi ni za volti 24 na karibu kila kitu hapa chini kitabadilika.

Nafasi ya 1: Lithiamu iliyoandikwa LiFePO4, 100Ah, pamoja na chaja ya DC-DC

Kwa mwenye friji na anayelala garini zaidi ya usiku mmoja mfululizo, hii ndiyo. Ina uzito wa kilo 11 hadi 13 badala ya 30. Inavumilia kushushwa na kujazwa mara 2,000 na kuendelea, wakati betri kavu ya kawaida inahesabiwa kwa mamia. Volti yake inabaki karibu 13 mpaka mwisho, kwa hiyo friji haizimiki alfajiri kwa kudhani betri imekwisha. Kemia yake imetulia kuliko lithiamu za simu na kompyuta, na ndani ina bodi ya ulinzi, wanayoiita BMS, inayokata umeme mambo yakiharibika.

Lakini soma tena kichwa cha sehemu hii: pamoja na chaja ya DC-DC. Lithiamu ina kiu. Ukiiunganisha moja kwa moja na alteneta ya gari la miaka 25, itanyonya kila ampea inayopatikana. Injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo, tuseme foleni ya Barabara ya Mandela mchana, alteneta inalazimishwa kutoa nguvu zake zote huku feni yake ya kupoza ikizunguka taratibu. Koili zinaungua. Chaja ya DC-DC ya ampea 20 au 30 inaweka kikomo, inapandisha volti mpaka kiwango ambacho lithiamu inataka, yaani 14.2 hadi 14.4, na injini ikizimwa inatenganisha betri mbili hizo ili ya kuwashia isiguswe. Kwa gari lenye alteneta ndogo chukua ya 20. Saa 4 za barabarani zitakurudishia kama Ah 80, na hiyo inatosha.

Kama pesa inatosha betri peke yake na chaja itafuata mwezi ujao, usiinunue. Shuka nafasi ya pili.

Angalizo dogo: lithiamu hii haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kwa Tanga au Mombasa hilo si neno, lakini Kitulo kati ya Juni na Agosti huwa na sakitu. Ukilala huko acha betri ipate joto kidogo asubuhi kabla ya kuwasha injini, au nunua yenye BMS inayozuia chaji wakati wa baridi.

Nafasi ya 2: Betri kavu iliyoandikwa AGM, 100Ah

AGM ni betri ya risasi ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo. Hii ndiyo ningemshauri mtu anayetoka wikendi, mwenye friji ndogo anayoizima usiku au asiye nayo kabisa. Inakubali kuchajiwa na alteneta moja kwa moja kupitia relei inayounganisha betri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Relei ni kitu rahisi, fundi umeme yeyote wa magari anaijua, na ikiharibika Makambako utapata nyingine. Haimwagiki, inavumilia mtikisiko kuliko ndugu zake wa risasi, na inapokea chaji kwa haraka.

Ubaya wake ni tabia yetu wenyewe. Betri ya risasi isipojazwa mpaka mwisho mara kwa mara, sahani zake hushika ganda gumu na uwezo unapungua kimyakimya. Safari ya saa moja haiijazi. Kwa hiyo AGM inataka mwenzake juu ya paa. Paneli ya wati 200 kwenye jua letu inakupa kama Ah 60 kwa siku nzuri, na jioni betri inakuwa imejaa kweli. Weka kontrola ya chaji (kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri) kwenye alama ya AGM, volti 14.4 hadi 14.7. Watu huacha alama iliyotoka nayo kiwandani na baadaye kulaumu betri.

Volti 12.7 gari likiwa limepumzika saa kadhaa maana yake imejaa. 12.2 ni nusu. Hapo zima friji.

Nafasi ya 3: Betri ya jeli

Maduka ya sola yamejaa hizi, betri za risasi ambazo asidi yake imegandishwa kama jeli, na kwa nyumba yenye sola ni betri nzuri. Inastahimili kushushwa vizuri kuliko AGM. Kwenye gari kuukuu inashuka nafasi kwa sababu moja: haipendi haraka. Jeli ya 100Ah haitakiwi kupewa zaidi ya ampea 20 hivi, na volti ikizidi 14.4 ndani yake hutokea mapovu yasiyoondoka. Regyuleta ya zamani inayotoa 14.6 ni adui yake. Kama utaichaji kwa sola peke yake na kuacha alteneta nje ya mchezo, ipandishe mpaka nafasi ya pili.

Nafasi ya 4: Sanduku la umeme la kubeba

Ni zile za EcoFlow, Jackery na wenzao: betri, inveta na chaja ndani ya boksi moja lenye mpini. Hufungui waya hata mmoja wa gari, na ukiuza gari unabaki nalo. Kwa mtu anayekodi gari, au ambaye waya za gari lake zinatisha, lina maana kubwa.

Ila tundu la kiberiti la gari hutoa kama wati 100 tu. Sanduku la wati-saa 1,000 linahitaji saa 10 za kuendesha lijae. Bila paneli au umeme wa nyumba ya wageni, siku ya tatu unabaki na boksi tupu. Na likiharibika, fundi wa kulifungua ni wa kutafuta.

Nafasi ya 5: Betri ya maji ya sola

Inadumu ikitunzwa, na ni rahisi kwa bei. Lakini inataka maji ya betri kila baada ya wiki kadhaa, inatoa gesi ya haidrojeni inayowaka ikichajiwa, na asidi yake inamwagika gari likiinama. Gesi hiyo ndani ya chumba unacholala haikubaliki. Kama huna sanduku lililofungwa lenye bomba la kutolea hewa nje, iache.

Zisizostahili nafasi

N100 na N150 za lori, ambazo wauzaji wengi watakuambia "hii ndiyo kubwa". Ni za kuwashia injini. Sahani zake ni nyembamba na nyingi ili zitoe nguvu kubwa kwa sekunde chache. Zishushe mpaka chini mara kadhaa kwa friji, kwisha. Vilevile epuka betri za lithiamu zilizounganishwa mtaani kutoka kwenye kompyuta chakavu au pikipiki za umeme, hata muuzaji akiapa. Kemia yake mara nyingi si ile iliyotulia, seli hazilingani, na moto wake hauzimwi kwa ndoo ya maji.

Dukani

Nenda na mizani, hata ile ya kupimia mizigo ya ndege. AGM au jeli ya kweli ya 100Ah ina kilo 27 hadi 32. Ukiinua "100Ah" yenye kilo 18, risasi haimo. Lithiamu ya 100Ah yenye kilo 6 nayo ni ya uongo. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi iliyokaa kwenye rafu mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kufa, na multimita ikionyesha chini ya 12.4 irudishe.

Ukifika nyumbani, ijaze kabisa, kisha iunganishe na balbu ya taa kubwa ya gari, upande wa wati 55. Inakula ampea 4.5 hivi. Lithiamu nzima ya 100Ah itaiwasha kwa saa 20 na zaidi. AGM itafika saa 10 au 11 kabla ya kuwa nusu. Kwa AGM zima balbu ikishawaka saa 11, iache ipumzike, pima. Ikisoma chini ya 12 rudi dukani na risiti siku hiyohiyo. Mwambie muuzaji mapema kwamba utafanya kipimo hiki, na aandike muda wa dhamana kwenye risiti kwa mkono wake.

Ile betri ya zamani uliyoitoa usiiache porini wala uani ambapo watoto wanacheza. Wanunuzi wa chuma chakavu hulipa betri za risasi kwa kilo, na yapo maduka yanayopunguza bei ya mpya ukiirudisha ikiwa na asidi yake ndani.