TAHADHARI: wenye vikaushio vya matunda na viungo, kuna jamaa anauza "kifaa cha kurudisha joto"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira mnisamehe. Kuna jamaa anazunguka huku Morogoro kwa sisi wenye vikaushio vya umeme, anakwambia ile hewa ya moto inayotoka nje ni hela unamwaga, irudishe ndani LUKU ishuke asilimia 80. Nikampa milioni 1.4, na fundi bati nikamlipa mimi.

Kinachoniuma wazo lenyewe sio uongo. Viwandani wanarudisha hewa kweli ila sio yote, embe zikiwa mbichi mvuke ni mwingi lazima utoke, zikishaanza kukauka ndo unarudisha sehemu kubwa, na kuna dampa (kilango cha hewa) inayofunguka na kufunga kufuatana na unyevu. Huyu kaziba tundu la kutolea hewa, kapitisha bomba la bati toka juu mpaka kwenye feni, basi kamaliza. Usiku wa kwanza saa tisa nafungua mlango maji yanachuruzika kama mfuniko wa sufuria ya wali, embe zinateleza kwenye treya, kufika asubuhi zinanuka pombe. Kilo 50 zimeliwa na nguruwe wa jirani.

Kile kiboksi anachokiita sensa nikakifungua. Swichi, taa ya kijani, na waya uliofungwa selotepu ambao haujaenda popote!

Hesabu ningepiga mapema nisingelizwa. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke inakula kama uniti 0.65, kilo 50 za embe zinatoa lita kama 40, hapo ni uniti 26 hata usipopoteza joto lolote. Yeye kwa ile asilimia 80 yake aliniahidi uniti 8. Kwa hita na feni haiwezekani, labda ungekuwa na mashine yenye kompresa kama ya friji inayokamata ule mvuke na kurudisha joto lake, na hiyo sio bei ya milioni 1.4 jamani.

Halafu wa mkaa na gesi, kama moshi wa jiko lenu unapita humo humo kwenye treya msimruhusu hata kugusa, ile hewa ikizunguka ndani inajaza sumu ya kaboni monoksaidi, unaingia kugeuza tangawizi hutoki.

Mimi kashaniblock. Akija kwako muulize tu dampa iko wapi, mimi alinijibu "itakuja na toleo jipya".